Sauti ya Tatu

28 Machi 1994, Jumatatu

Mimi Uweso Mbaruku, mpiga kanuni wa klabu ya taarabu ya Heri ya Mabawa, hapa Tanga, naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilisomea darasa la watu wazima, mwaka wa sabini na tatu, na mwalimu alisema mbele ya watu kuwa kichwa changu ni cha peke yake. Mwandiko unakwenda upande kidogo lakini mwenye kutaka atausoma. Daftari nimelinunua leo dukani kwa Ernesti, kwa sababu klabuni kuna jambo linapikwa na nataka pawe na ushahidi kuwa mimi nililiona tangu siku ya kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Abdulwakil karudi kutoka Maskati. Kwao Pemba, lakini kaoa hapa Mabawa, na kabla hajaondoka alikuwa akitupigia kodiani, si vibaya. Siku hizi za ruksa kila mtu analeta anachotaka, huyu friji, huyu mitumba. Yeye kaja na kinanda kirefu cha umeme na kompyuta. Kavipanga juu ya meza ya klabu, kavifunika nailoni kwa sababu dari linavuja, akatuita wote.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Niwaulize. Fundi akikata kanzu, kila kanzu anaanza kuchora upya?"

Zebedayo mpiga besi, Mlutheri wa Lushoto lakini taarabu anaijua, akajibu, "Ana karatasi yake ya kiolezo."

"Basi humu ni vivyo hivyo. Natia vyombo vyote mara moja, kodiani, fidla, besi, dumbaki, kila kimoja na sauti yake na mahali pake. Hicho ndicho kiolezo. Nikitaka wimbo mpya nakifungua, vyombo vimeshakaa vinanisubiri, mimi natunga tu. Nikimaliza nauhifadhi wimbo kwa jina jingine, na kiolezo kinabaki kama kilivyokuwa."

Nikamuuliza, "Na wapigaji wanakaa wapi?"

Watu wakacheka. Abdulwakil naye alicheka.

Kwa asiyejua, kanuni ni sanduku bapa la nyuzi sabini na nane. Hulazwa mapajani, kila sauti ina nyuzi tatu, na hupigwa kwa kucha mbili za pembe zinazofungwa kwenye vidole vya shahada. Tanga nzima zimebaki mbili, na mwenye ile nyingine kafa. Kiti cha kwanza kushoto ni changu. Miaka thelathini na moja hakuna mwingine aliyekikalia mbele ya watu.

29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

2 Aprili, Jumamosi

Kikao cha kamati. Mwenyekiti wetu ni Shaib, mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili, hata kufunga tai nilimfundisha mimi. Kasema Idi ya kuchinja tutapiga hadharani kwa mtambo mpya. Jukwaani watakaa Abdulwakil, fidla, besi, dumbaki na waimbaji.

"Na kanuni?"

"Kanuni itatiwa ndani ya mtambo, Mzee Uweso. Unajua mwenyewe, kila tukibadili wimbo watu wanakungoja robo saa nzima ukaze nyuzi. Siku hizi watu hawangoji."

"Na mimi?"

"Wewe tunakupandisha. Utakuwa mshauri wa klabu."

"Mshauri anakaa wapi?"

"Popote anapopenda."

"Mimi napenda kiti changu."

Pakawa na mvua tu juu ya bati. Mwishowe Shaib akasema, kwa sauti ya kunipoza, kuwa ni majaribio mpaka Idi. Ikishindikana tutarudi kwenye vyombo vyetu na kila mtu kitini pake.

Nimelishika neno hilo. Ikishindikana.

5 Aprili

Kidole cha shahada cha kulia kimevimba kwenye kifundo. Ni baridi ya masika. Tabia, mke wangu, kanipaka mafuta ya karafuu akasema, "Mwaka jana pia ulisema baridi, na jua lilikuwa linapasua kichwa."

6 Aprili

Mvua.

9 Aprili, Jumamosi

Leo wamechukua sauti za nyuzi zangu.

Abdulwakil alinifuata baada ya adhuhuri kwa sababu umeme wa mgao ulikuwa unakwisha saa kumi. Madirisha ya klabu kayaziba kwa mablanketi ili mvua isisikike. Akasogeza kipaza sauti akaniambia, "Nipigie moja moja, Mzee, na kila moja uiache ife yenyewe." Akaniomba nimtilie Ajami, kwa sababu nyimbo zote nane anazotaka kutunga ni za Ajami.

Hapa lazima nieleze. Kanuni hutiwa sawa kwa kufuata njia ya wimbo. Ukihesabu ngazi ya sauti kutoka chini, katika Ajami sauti ya tatu inasimama kamili. Katika njia ya Rasti sauti hiyo hiyo inashushwa robo, kiasi cha unywele. Robo hiyo mtu wa kinanda haioni. Mimi naiona hata nikisinzia.

Nyuzi zote nilizitia Ajami. Sauti ya tatu nikaiacha kwenye Rasti.

Nilifanya kwa kusudi. Naandika hivyo kwa sababu daftari ni langu. Niliona hivi: nyimbo zitachachuka, hakuna atakayejua zimechachukia wapi, watasema mashine na taarabu haviivi chungu kimoja, na itakuwa imeshindikana.

Abdulwakil si kiziwi kabisa. Nilipofika pale aliinua kichwa. "Mzee, nisamehe, hii ya tatu mbona kama imeshuka?"

"Imeshuka kwa kuipima na nini?"

"Na kinanda."

"Kinanda kimetengenezwa na watu wa theluji. Kanuni ndivyo ilivyo. Wewe umepiga mno kwenye mahoteli huko Maskati, sikio limelala."

Akainamisha macho. Kijana mwingine angebisha. Yeye akasema, "Radhi, Mzee. Mwenye sikio ni wewe," akaihifadhi kama ilivyo.

Nilirudi nyumbani nikala wali sahani mbili.

10 Aprili

Mvua. Wanasema barabara ya Pongwe imekatika kipande.

14 Aprili

Siku tano, nyimbo nane. Sijapata kuona. Anafungua kiolezo, anatunga, anahifadhi kwa jina jingine, anakifungua tena, kama mtu wa matofali na kalibu yake moja. Na kila tofali lina jiwe langu ndani.

Wanakamati wamekaa kusikiliza. "Tamu," wanasema. "Tamu sana." Hakuna aliyeshtuka. Zebedayo peke yake alijikuna sikio akasema spika moja labda imeingia maji. Hawa ndio wanaotaka kunifanya mshauri.

16 Aprili, Jumamosi

Kigombe, harusi ya mchana ya wanawake. Tulikwenda kwa lori, matope mpaka kwenye bodi, mtambo umefungwa ndani ya magodoro mawili kama mgonjwa. Mie nilikaa nyuma ya turubai, karibu na jenereta. Ndipo mahali pa mshauri.

Mwimbaji alikuwa Asmahani. Huyu ni binti wa marehemu Yakoub mpiga fidla, rafiki yangu ambaye tulikuwa tukivaa kanzu moja kwa zamu. Yakoub alipokufa nilimchukua mtoto nikamfundisha kuimba, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Ananiita ami. Kaachika, ana watoto wawili, na anaendesha nyumba kwa kuimba maharusini.

Mwanzo ulikuwa vyombo vitupu, watu wakapiga makofi. Kisha Asmahani akaingia. Koo lake ni la Ajami safi, nilimtia mwenyewe. Akapanda ngazi, akafika sauti ya tatu, akasimama panapostahili kusimama. Mashine ikasimama chini yake unywele mmoja. Ikawa kama watu wawili wanaovutana shuka. Nikamwona anageuza uso kuitafuta kanuni, hakuna mtu wa kumtazama, ni spika tu. Akashuka kuifuata mashine, fidla ikabaki juu. Akapanda kuifuata fidla, mashine ikabaki chini. Beti ya tatu sauti ilikuwa inatetemeka.

Mwanamke mmoja wa mbele akasema, wala hakunong'ona, "Dada, umekula embe bichi?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, sauti nayo huzeeka."

Akaumaliza wimbo. Hakuna aliyeinuka kwenda kumtunza kwa noti. Hata bibi harusi aliangalia hina yake. Mwimbaji wa Heri ya Mabawa kumaliza wimbo harusini na asitunzwe na mtu hata mmoja, jambo hilo sijaliona tangu klabu ianze.

Ndani ya lori nilingoja waseme ni mashine. Niliwangoja mpaka tunaingia mjini. Shaib akasema, "Mashine haikosei. Kinachokosea ni koo." Wakaitikia. Asmahani alikaa pembeni, kajifunika buibui mpaka machoni, mvua inampiga kwenye mguu mmoja na hausogezi.

Hilo sikulipigia hesabu.

17 Aprili

Sina la kuandika.

19 Aprili

Kikao. Shaib kasema Asmahani apumzike, na Khairiya wa Pongwe aletwe aanze kujifunza nyimbo, Idi iko karibu.

Zebedayo akasema, "Mimi ningeomba tuusikilize tena mtambo."

"Mtambo umetoka Maskati, Zebedayo."

"Hata mimi nimetoka Lushoto, na nakosea."

Wakacheka kidogo. Shaib akanigeukia. "Mshauri, una neno?"

Wote wakanitazama. Asmahani alikuwa amekaa kizingitini, maji yanamchuruzika, naye akanitazama. Ningesema, Abdulwakil angesahihisha sauti moja, mashine ingepona, na kiti changu kingekwenda. Nisiposema, kiti bado kinaweza kurudi.

Nikasema, "Sina."

20 Aprili

Mvua.

21 Aprili

Mvua. Umeme hakuna.

22 Aprili, Ijumaa

Nimesali msikiti wa mbali.

24 Aprili, Jumapili

Asmahani kaja nyumbani asubuhi. Kavua viatu mlangoni, kanishika mkono. "Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja unipime. Wewe hunifichi kitu. Nitoe sauti, uniambie kama imekwisha. Ukisema imekwisha naacha leo, kuna mtu Pangani ananitaka nikampikie wageni."

Nikaitoa kanuni kwenye kitambaa, nikaitia Ajami, Ajami ya kweli. Kidole kiliniuma lakini nilipiga. Akaimba wimbo ule ule wa Kigombe. Wallahi hakuna mahali alipoyumba. Ilisimama kama mlingoti. Tabia alitoka jikoni na mwiko mkononi akabaki mlangoni.

Asmahani akamaliza akanitazama. "Ami, nimekosea wapi?"

"Hapa hukukosea."

"Basi Kigombe kulikuwa na nini?"

Ulimi wangu mimi, ambao haujawahi kukosa neno, ulitafuta. Nikasema, "Labda mafua. Hewa ya masika. Pumzisha koo."

Akanishukuru. Kanishukuru, akavaa viatu, akaondoka.

Tabia alisimama pale pale. "Yule mtoto hana mafua," akasema, akarudi jikoni.

27 Aprili

Tabia kapita kwa Asmahani kupeleka ndizi. Kasema anakunywa tangawizi kutwa na haongei. Watoto anawaita kwa kupiga makofi. Jirani kamwambia Tabia kuwa yule mtoto mdogo wa Asmahani analia usiku kwa sababu kazoea kulazwa kwa wimbo.

"Kuna kitu unakila peke yako, bwana," Tabia kaniambia. "Kinakukwama."

28 Aprili

Mvua. Nimefunga kanuni kwenye kitambaa. Nimeifungua. Nimeifunga.

29 Aprili, Ijumaa

Baada ya swala nimekwenda klabuni. Abdulwakil alikuwa peke yake na mtambo, umeme ulikuwapo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa.

"Sauti ya tatu niliyokupa ni ya Rasti. Nilikudanganya kwa makusudi. Ulipouliza ulikuwa na haki."

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akavuta kiti cha pili, akawasha kompyuta, akaniambia nikae nitazame. Kikaja kioo cha rangi ya buluu, na katikati herufi tano. Mimi herufi nazisoma taratibu. U. W. E. S. O.

"Nini hiki?"

"Ndicho kiolezo. Lazima kiwe na jina ndipo kikubali kuhifadhiwa. Nilikipa siku ile ile uliyonipigia. Nilisema kila wimbo wa klabu hii, hata sote tukifa, uanze kwa mtu kufungua Uweso."

Nilitazama herufi zile mpaka zikaanza kucheza. Mwezi mzima nimemwita mtu wa mahoteli.

Akasema, kwa upole, "Kukisahihisha ni kazi ya dakika chache. Unapiga upya sauti ya tatu, naitia. Lakini hapo ni kwa nyimbo zitakazotungwa kesho. Zile nane zimeshazaliwa, Mzee. Kila mmoja kaondoka na uzi wako wa zamani. Mama ukimtibu leo, watoto waliokwisha kuondoka nyumbani hawajui. Lazima niingie kila wimbo, noti kwa noti, na sikio langu umeshaona lilivyo."

"Sikio nitaleta mimi."

Akafikiri. Kisha akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Basi sikiliza. Hakuna haja ya mtu kujua. Tutazisahihisha mimi na wewe, nitasema waya ulikuwa mbovu. Heshima yako itabaki."

Haki ya Mungu, nililitamani neno lile kama maji.

"Na Asmahani?"

"Khairiya keshapewa nyimbo."

"Kwa hiyo watu watasema mashine ilikuwa na waya mbovu, na Asmahani ana koo bovu, vyote viwili."

Abdulwakil alianza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

30 Aprili, Jumamosi

Nimeomba kikao mwenyewe, na nimetaka Asmahani aitwe. Khairiya naye alikuwapo, na karatasi yake ya maneno.

Nilisimama nikasema yote kama nilivyoandika humu. Sikupunguza.

Shaib akauliza, "Kwa kusudi? Si kwamba mkono uliteleza?"

"Kwa kusudi. Mimi sikosei uzi kwa bahati mbaya."

Zebedayo akatazama chini. Nadhani alificha kicheko, kisha kikamwisha mwenyewe.

Asmahani hakupaza sauti. "Ami, nilikuja kwako."

"Ulikuja."

"Nikakwambia nipime."

"Ulisema hivyo."

"Ukanipima, ukasikia kuwa nimetimia, ukaniambia mafua."

"Ndiyo."

"Siku sita sijasema na watoto wangu. Nilikuwa natunza kitu ambacho wewe ulijua hakijaharibika." Akainuka, akajifunga buibui. "Baba yangu alikuwa akisema ukikosa njia, mtazame Uweso. Kigombe nilikutafuta. Nilikuta spika."

Akatoka na mvua ile ile.

Kamati ilikaa saa nzima bila mimi, nikiwa barazani. Wakaniita. Asmahani anarudi kwenye nafasi yake, Khairiya atamsaidia kuitikia. Mimi nizisahihishe nyimbo nane kabla ya Idi. Kiti, mtambo ushinde au usishinde, si changu tena, na ushauri umefutwa. Shaib alisema hayo akitazama ukuta.

Nikasema nimesikia. Wakati natoka kijana wa dumbaki alikuwa ameshaweka spika juu ya kile kiti.

3 Mei

Tumepiga upya sauti ya tatu. Kidole hakikunjiki. Imenichukua mara kumi na nne kupata pigo safi, mimi, ambaye zamani nilikuwa napiga huku naongea na watu. Abdulwakil alisubiri kila mara bila kusema harakisha.

4 Mei

Wimbo wa kwanza umepona.

7 Mei

Nyimbo tatu. Umeme ulikatika katikati ya wa nne kabla hajahifadhi, tukaanza upya. Abdulwakil alipiga meza kwa ngumi, kisha akaiomba radhi meza. Ameanza kuisikia robo. Leo alinizuia kabla sijasema, "Hapa, Mzee, imebaki moja." Ilikuwa imebaki kweli.

10 Mei

Asmahani kaja kujaribu wimbo wa sita. Hakunipa salamu. Aliimba mgongo ukiwa kwangu. Alipomaliza kamwambia Abdulwakil, "Mwambie mzee, beti ya pili bado pazito." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Nikamwambia Abdulwakil, "Mwambie ana haki." Tukaisahihisha.

12 Mei

"Mwambie mzee sasa pako sawa."

15 Mei

Zote nane. Mvua imepungua, inakuja na kuondoka. Nimelala mchana.

21 Mei, Jumamosi

Idi ya kuchinja. Alasiri watu walijaa uwanja wa klabu mpaka kwenye ukuta wa jirani, wanawake na khanga zao mpya, watoto na miwani ya plastiki. Waliotoka Pongwe na Pangani walikuja na magari. Mimi nimekaa safu ya nne, kati ya watu, kwenye benchi la kukodi. Sijawahi kuisikia klabu yangu kutoka mbele. Kutoka mbele fidla ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Nitasema kweli: niliomba umeme ukatike. Niliomba kwa moyo. Nilijua watu wangegeuka kunitafuta na kanuni ningeifikia nyumbani kwa dakika kumi. Umeme haukukatika. Hata mgao leo wameusitisha, wamewapa watu zawadi ya Idi.

Asmahani akaingia na wimbo ule wa Kigombe. Alikuwa kavaa kijani. Akaanza kupanda ngazi na mimi vidole vyangu vikapanda juu ya magoti bila ruhusa yangu. Sauti ya kwanza, ya pili. Mwanamke wa mbele yangu alikuwa anazungumza, nikamgusa bega anyamaze, akanikunjia uso. Ya tatu. Ikasimama, na kanuni kutoka ndani ya spika ikasimama nayo pale pale, zikawa kitu kimoja, hukuweza kutia wembe kati yake. Yule wa mbele yangu akanyamaza mwenyewe.

Kabla ya beti ya pili walikuwa wameinuka. Wanakwenda kwa mwendo wa kucheza, noti juu ya kichwa, wanamtunza, wanarudi, wengine wanainuka. Nami nikainuka. Miaka thelathini na moja nimewatazama watu wakija kutunza, na sikujua miguu inawekwaje. Sikucheza. Nilikwenda kama mtu anayekwenda dirishani posta. Shaib aliniona, akaacha kupiga makofi. Nikafika, nikanyoosha mkono.

Asmahani akanitazama usoni kwa kiasi cha neno moja la wimbo. Akaipokea noti akaitia kwenye kikapu pamoja na za wengine, akageukia aliyekuwa nyuma yangu. Hakuruka neno, hakuongeza.

Nikarudi kukaa.

Nyimbo mbili baadaye mtu wa jirani yangu kwenye benchi, mgeni, mtu mzima, kanzu imechafuka matope ya njiani, akaniinamia. "Mzee wangu, mimi nimetoka Pangani. Huyo wa kanuni ananimaliza. Nimenyoosha shingo tangu nifike na simuoni. Amekaa wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jina, na miaka, na kiti cha kwanza kushoto, yote yamejipanga ulimini.

"Sijui," nikamwambia. "Msikilize binti."